Kuziba nyufa za tangi la zege kwa bakteria, Tabora

Tangi la zege likikaa tupu kiangazi kizima cha Tabora hupata nyufa nyembamba, na mvua za Novemba zikianza maji huvujia humo. Nyufa hizo huzibika kwa bakteria anayeitwa Sporosarcina pasteurii. Huvunja urea ikawa amonia na kabonati; kabonati ikikutana na kalisi, chokaa ngumu hujijenga ndani ya ufa.

Pima kwanza. Kunja karatasi ya daftari mara tatu upate tabaka 8, unene wa kama mm 0.8. Ikipenya, huo si ufa wa bakteria, mwite fundi. Paka pia jipsamu kidogo juu ya ufa: ikipasuka baada ya wiki mbili, ukuta bado unacheza na chokaa itakatika tena.

Mbegu ya bakteria hutoka maabara ya mikrobiolojia, nayo isafirishwe kwenye barafu. Chemsha lita 1 ya maji na gramu 20 za dondoo ya hamira (hamira ya maandazi haifai). Yakipoa ndipo utie urea gramu 20, kwani moto huiharibu, kisha mbegu. Pulizia hewa saa 24 hadi 48 kwenye nyuzi 30. Usiku wa Julai bakteria hulegea. Oktoba hakuna shida.

Ndoo ya pili: kwa kila lita, urea gramu 30 na asetati ya kalisi gramu 79. Kloridi ya kalisi ni nafuu, lakini hula nondo. Usichanganye ndoo hizi mbili, chokaa itagandia humo humo.

Wengi hukosea kwenye kiasi. Lita moja ya ndoo ya pili, ikigeuka yote, hutoa chokaa gramu 50 tu, yaani kama sentimita 18 za ujazo. Ufa wa mm 0.3 katika ukuta wa mm 150 una nafasi ya mililita 45 kwa kila mita. Kuujaza mara moja kwa bomba la sindano basi ni kazi bure. Andaa lita 2.5 hadi 3 kwa mita na utiririshe polepole kwa mrija wa dripu. Sugua ufa kwa brashi ya waya, uoshe, ulowanishe. Tia bakteria, subiri saa tatu wanate, kisha dripu ya ndoo ya pili usiku kucha. Rudia kila siku. Ikienda kasi, dawa hutoka nje kabla haijageuka. Mdomo ukiziba mapema, ukwangue.

Yanayotoka yana amonia: yakinge, yasifike kisimani. Tangi la maji ya kunywa usianze nalo.

Kupima, jaza tangi, weka beseni la maji kando yake, linganisha baada ya saa 24. Tangi likishuka kuliko beseni, bado linavuja.

Nguvu ya ukuta haiongezeki kwa njia hii. Na kwa zege jipya usimwage bakteria kwenye mchanganyiko: uchungu wa saruji, pH zaidi ya 12, huwaua. Mtafiti Henk Jonkers wa Delft, Uholanzi, alitumia mbegu-tuli (bakteria waliolala) za Bacillus pamoja na laktati ya kalisi ndani ya vidonge vya udongo, ambavyo ufa ukitokea hupasuka na kuwaamsha.