Pesa ya taka inakwenda wapi? Namna ya kuuliza mpaka ujibiwe, hapa Mtwara mjini

Miaka mingi nilikuwa karani wa chama cha msingi cha korosho huko Newala. Jina la mkulima, kilo, daraja, kiasi anachodai: hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kila msimu. Nilipostaafu nikahamia Mtwara mjini kwa mwanangu, nikidhani kalamu nimeitua. Ole wako mtaa ukijua unaweza kuandika barua ya kiofisi! Siku hizi barandani kwangu hakukosi mtu na karatasi yake, na wengi wanakuja na jambo moja: taka. Ada inakusanywa, kizimba cha kutupia taka kinafurika, na mvua za Desemba zikianza uchafu wote unaingia kwenye mifereji na kurudi uani.

Kwa hiyo naandika mara moja, watu wasome, nami nipate nafasi ya kushona vitenge vyangu.

Kitu cha kwanza ninachowaambia ni hiki: usiulize “kwa nini”. Ukimwuliza mtendaji kwa nini taka hazizolewi, atakuwa na jibu, tena zuri. Gari bovu. Mafuta. Suala liko kwenye mchakato. Utatoka ofisini umeridhika na huna kitu mkononi. Omba karatasi. Karatasi ama ipo ama haipo. Mimi nikiambiwa mchakato, nasema taratibu, “Sawa mwanangu, huo mchakato una barua? Naomba niione.” Sauti ya chini, kiti umekikalia vizuri, huna haraka.

Hakikisha pia umegonga mlango wenyewe. Watu wanapoteza nguvu kumfokea mwenyekiti wa mtaa kwa ajili ya barabara ya vumbi, wakati barabara za mjini na vijijini ziko chini ya TARURA tangu 2017, na zile kuu ziko TANROADS. Bomba likipasuka ni MTUWASA, mamlaka ya maji. Nguzo ikianguka ni TANESCO. Taka, masoko, stendi, machinjio, zahanati na shule za msingi ndiyo mambo ya halmashauri. Na ndani ya halmashauri kuna ngazi: mwenyekiti wa mtaa mliyemchagua, mtendaji wa mtaa aliyeajiriwa, kisha kata yenye mtendaji wake na diwani, kisha Mkurugenzi wa Manispaa ambaye ndiye mwenye mafaili na saini. Mkuu wa Wilaya si halmashauri, ni mkono wa Serikali Kuu. Wapo wanaomkimbilia siku ya kwanza. Mimi naona ni kupoteza risasi, kwa sababu barua itarudishwa kule kule chini, tena sasa kila mtu amenuna.

Anza na risiti

Kabla ya mkutano na barua, kusanya vitu vyako. Kijana wa taka akipita na guta lake, lipa, lakini udai risiti ya mashine ya POS au namba ya malipo ya Serikali. Kijikaratasi cha kuchana kisicho na namba wala jina la halmashauri ni kangomba tu, kama ule ununuzi wa korosho wa kichochoro: pesa imetoka kwako na haijaingia kwenye kitabu chochote. Kipige picha kwa simu, andika tarehe na kiasi.

Wengine wananiambia, “Bibi, dawa ni kugoma kulipa.” Sikubali. Ada ikiwa ipo kwenye sheria ndogo, ukigoma ni wewe utakayepigwa faini, na hoja yako itaishia hapo. Halmashauri nayo haina ruhusa ya kutoza ada bila sheria ndogo iliyoidhinishwa na Waziri na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo swali lako la adabu kabisa ni hili: ada hii iko kwenye sheria ndogo ipi, Tangazo la Serikali namba ngapi? Nimeona watu wazima wakishika kichwa kwa swali hilo.

Halafu weka daftari. Safu mbili tu: tarehe gari lilipokuja kuzoa kizimba, na tarehe halikuja wakati mlitarajia. Mpe mtu mmoja anayekaa jirani na kizimba, mwenye genge au mama wa vitumbua, maana yeye yupo pale kila siku. Usimpe mtu mwenye hasira. Atajaza siku ambazo hakuwepo.

Fanya na hesabu. Tuseme mtaa una kaya 200 na kila kaya inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 400,000 kwa mwezi, shilingi 4,800,000 kwa mwaka. Weka viwango vya kwenu. Ukisimama mkutanoni ukasema “pesa nyingi zinakusanywa” watu watapiga makofi na mwenyekiti ataendelea na ajenda. Ukitaja shilingi, hata wale waliokuwa wanasinzia wanageuka.

Mkutano wa mtaa

Mapato na matumizi yanapaswa kusomwa kwa wananchi kila baada ya miezi mitatu. Kama kwenu hayasomwi, hiyo ndiyo hoja yenu ya kwanza kabla hata ya taka. Mwandikieni mtendaji mapema, barua fupi yenye majina ya wakazi kadhaa, kuomba taka iwe ajenda yenye namba yake. Msikubali iingizwe kwenye “mengineyo”. Mengineyo hufikiwa jua limezama, akina mama wamekwenda kupika, na waliobaki wanataka kufunga mkutano.

Akina mama, nisikilizeni. Tuna tabia ya kukaa nyuma kwenye mkeka, tukinong'ona. Kaeni mbele karibu na meza, pale mwandishi wa muhtasari anapokaa. Mkishauliza, mmoja wenu amwombe mwandishi asome alichoandika. Kisichoandikwa kwenye muhtasari hakikusemwa, hata kama mtaa mzima ulikisikia.

Angalieni na majira. Kuanzia Oktoba minada ya korosho inapoanza, nusu ya wakazi wa mitaa yetu wako mashambani Tandahimba, Newala au Nanyamba wanahangaikia mazao yao. Mkutano wa Novemba unaweza ukawa na watu wachache, wote wa upande mmoja. Agosti na Septemba ni nzuri zaidi: watu wapo, mvua bado, na mwaka wa fedha wa Serikali umeanza Julai Mosi, kwa hiyo hesabu za mwaka uliofungwa Juni 30 zinaweza kuombwa bila mtu kusema bado mapema.

Barua yenyewe

Mkutano ukishindwa kutoa karatasi, ndipo barua. Tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, na Katiba katika Ibara ya 18 inazungumzia haki hiyo ya kupewa taarifa. Sheria inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ni haki ya raia, hivyo ambatanisha nakala ya kitambulisho cha NIDA, mtu asipate pa kujificha.

Ninavyoandika mimi ni hivi:

“Mkurugenzi wa Manispaa, Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani. YAH: MAOMBI YA TAARIFA KUHUSU ADA YA TAKA, MTAA WA (jina). Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba nakala za taarifa zifuatazo: moja, sheria ndogo inayotoza ada ya taka katika mtaa wetu, mbili, mkataba kati ya Halmashauri na kikundi au mzabuni anayezoa taka katika mtaa huo, hasa vifungu vya idadi ya siku za kuzoa, malipo na adhabu, tatu, kiasi kilichokusanywa kutoka mtaa huo kwa robo ya Julai hadi Septemba na kiasi alicholipwa mzabuni kwa kipindi hicho. Nipo tayari kulipia gharama za kudurufu. Naomba nijibiwe kwa maandishi. Wako katika ujenzi wa taifa,” kisha jina, sahihi, namba ya simu na tarehe.

Vitu vitatu, basi. Kuna kijana alinijia na orodha ya vitu kumi na saba, mpaka mishahara ya madereva. Barua kama hiyo inampa afisa sababu ya kuiweka chini ya faili nyingine akisubiri nafasi ya kuishughulikia, na nafasi haiji. Tena mkataba mzima wanaweza kusema una siri za biashara za mzabuni. Ndiyo maana nataja vifungu: siku za kuzoa taka si siri ya mtu.

Usiandike “Kupitia Mtendaji wa Mtaa”. Ukiandika kupitia, barua inalala kwake mpaka aipitishe. Andika moja kwa moja kwa Mkurugenzi, kisha chini uandike “Nakala:” kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa. Heshima imetunzwa, na barua haina pa kulala. Nenda na nakala mbili masjala, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Siku 30 zako huzihesabu kutoka kwenye muhuri huo. Ukirudi nyumbani bila muhuri, hukupeleka barua.

Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi, kisha omba marejeo kwa mkuu wa taasisi, na baada ya hapo kuna rufaa kwa Waziri. Mara nyingi haifiki huko. Afisa akijua kwamba unaijua njia, nakala inapatikana.

Diwani na wengineo

Diwani msimfanye adui. Anakaa kwenye Baraza la Madiwani, na kikao cha Baraza kipo wazi kwa wananchi. Ukitaka, nenda ukakae nyuma, unyamaze, usikilize. Kila robo mwaka kinafanyika. Mpe diwani wako ukurasa mmoja wenye daftari la gari na hesabu ya makusanyo, kabla ya kikao. Hana muda wa kutembea kizimba hadi kizimba. Akisimama na takwimu zenu mbele ya Mstahiki Meya ataonekana mtu wa kazi, na mwache aonekane. Sisi shida yetu ni kizimba.

Kwa wale wanaopenda kusoma, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuhusu serikali za mitaa huwa wazi baada ya kuwasilishwa bungeni, kwa kawaida Aprili, na inapatikana kwenye tovuti ya ofisi yake. Tafuta jina la halmashauri yenu. Njia hii ya kuomba karatasi inafaa hata kwa ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024, na orodha ya vikundi vilivyopewa ni jambo la kuulizia.

TAKUKURU, watu wa kupambana na rushwa, wapo, namba 113, haina malipo. Lakini msiwapigie kwa kizimba kilichojaa. Subirini mpaka karatasi mbili zipingane: risiti zenu zinasema hivi, makusanyo yaliyoandikwa yanasema vile. Mkiwahi mno, mtaambiwa suala liko kwenye uchunguzi, na nakala mliyokuwa karibu kuipata haitoki tena.

Kwenye makundi ya WhatsApp, picha ya kizimba yenye tarehe ni salama. Jina la mtu pamoja na neno “mwizi” si salama. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hata bila sheria, mtu akishatukanwa hatoi karatasi. Mji huu tuliuona mwaka 2013 wakati wa ghasia za kupinga bomba la gesi. Tangu hapo wapo wazee wakisikia “kufuatilia Serikali” wanaingia ndani na kufunga mlango. Waonyesheni ile nakala yenye muhuri. Wanatulia wakiona kwamba masjala wenyewe ndio walioigonga.

Majibu yakija, toa fotokopi mbili: moja kwa mwenyekiti, nyingine iombewe ruhusa ya kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa. Kisha soma mkataba ukiwa na daftari pembeni. Gari linatakiwa kuja siku ngapi kwa wiki, na limekuja ngapi? Lisipokuja, mzabuni anakatwa kiasi gani, na nani anatakiwa kuthibitisha kwamba hakuja? Mwisho tafuta tarehe mkataba unapoisha, uhesabu miezi mitatu nyuma yake na uiandike kwenye kalenda. Barua ya pili inapelekwa mwezi huo, safari hii kwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, kabla mtu hajapewa mkataba mpya, na kurasa za daftari ziwe zimeambatanishwa.