Kabla ya injini, tazama tairi

Vijana wa Malindi mnaofufua Peugeot 504 na Datsun za wazee wenu mkitamani mbio za mstari mnyooka, zile za mita 402, msianze na injini. Anzeni na tairi. Ubavuni pana tarakimu nne: 2314 maana yake ilitoka kiwandani wiki ya 23, mwaka 2014. Gari lililolala uani laweza kuwa na tairi lenye meno marefu na mpira ushakauka. Ukiona nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi, badilisha.

Kisha breki. Hewa yetu ya chumvi hula paipu za chuma polepole, na mafuta ya breki hunyonya unyevu hata gari likiwa limesimama. Mwambie fundi ayatoe yote atie mapya, halafu kanyaga pedali kwa nguvu nusu dakika. Ikizama taratibu, panavuja mahali au silinda kuu ya breki, ile inayosukuma mafuta ukikanyaga, imechoka. Hilo gari lisitoke.

Na kukimbia ni mahali palipofungwa kwa ruhusa, helmeti kichwani. Barabara ya Mombasa ina watoto na bodaboda, nawaomba sana. Siku ya kwanza andika muda wako tu, pumzisha injini, rudia.