Kuchagua seva ya tovuti ya biashara ndogo: hatua kwa hatua

Kazi yangu ni kuweka na kutunza tovuti za maduka, karakana na ofisi ndogo za Dar es Salaam, na swali ninaloulizwa kabla ya mengine yote ni la bei: seva (kompyuta inayoihifadhi tovuti na kuitoa mtandaoni) ya shilingi ngapi inatosha? Swali hilo ni halali, lakini likitangulia huvuruga hesabu nzima, kwa sababu seva ya bei ndogo isiyo na mtu wa kuitunza huishia kuwa ghali kuliko ile iliyoonekana ghali siku ya kununua. Utaratibu ninaoufuata mimi huanza na mtunzaji, kisha mzigo, kisha mahali, na bei hujitokeza yenyewe mambo hayo yakishajulikana.

Hatua ya 1: Amua nani ataitunza

Seva ya pamoja ni sawa na chumba katika nyumba ya wapangaji wanaotumia LUKU moja. Mwenye nyumba anashughulikia paa na mabomba, lakini jirani akipiga pasi usiku kucha, uniti zinaisha kwa wote. Seva pepe, ambayo mafundi huiita VPS, ni nyumba yenye mita yake ndani ya ua mmoja na wengine: umeme ni wako, na bomba likipasuka saa nane za usiku ni lako pia. Seva kamili ni kiwanja chako peke yako, na kwa biashara ndogo sijawahi kuona sababu ya kukinunua.

Ikiwa hakuna mtu katika biashara, wala fundi unayemlipa kila mwezi, anayeweza kuingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuiendesha kwa amri ukiwa mbali) na kusasisha programu zake, chukua seva ya pamoja na uridhike nayo. Tovuti yenye kurasa tano, picha za bidhaa na namba ya simu haihitaji zaidi ya hapo. Seva pepe huanza kuwa na maana pale tovuti inapopokea oda na malipo, au inapoendesha programu ambayo seva ya pamoja haiiruhusu. Wapo wanaochukua seva pepe kisha wakaweka juu yake cPanel, paneli ya kuendesha seva kwa kubofya, ili wasiguse terminali, yaani dirisha la kuandika amri. Kabla ya kufanya hivyo angalia bei ya leseni, maana tangu 2019 inatozwa kwa kufuata idadi ya akaunti, na kwenye seva ndogo inaweza kuzidi kodi ya seva yenyewe.

Hatua ya 2: Pima mzigo kabla ya kulipa

Hapa ndipo nilipojifunza kwa aibu. Nilikuwa nimemwekea mama mmoja muuza vitenge wa Kariakoo duka la WordPress, programu ya kujengea tovuti, kwenye seva pepe yenye RAM (kumbukumbu ya kazi) ya gigabaiti 1. Nilitaka duka lihimili watu wengi, kwa hiyo nikapandisha kikomo cha michakato ya PHP, yaani nakala za programu inayotengeneza kurasa ambazo hufanya kazi kwa wakati mmoja, kutoka 5, ambayo mfumo wa Ubuntu huiweka wenyewe, hadi 50. Jioni moja akaweka mzigo mpya kwenye status ya WhatsApp, na kabla sijamaliza chakula simu ikaita: "Fundi, mbona duka linasema halioni hifadhidata?"

Hifadhidata ilikuwa imeuawa. Kila mchakato wa PHP ulikuwa unatumia karibu megabaiti 60, na 50 mara 60 ni megabaiti 3,000 kwenye mashine yenye 1,024. RAM ilipokwisha, Linux ilitafuta programu inayokula nyingi zaidi ili iizime, ikaikuta MariaDB, ambayo ndiyo hifadhidata. Yaani seva iliangushwa na namba niliyoiandika mwenyewe, wateja wala hawakuwa wengi kiasi hicho.

Hesabu sahihi ni nyepesi. Kwenye seva ya majaribio, au kwenye kompyuta yako, fungua tovuti mara kadhaa kisha uandike (8.3 ni toleo la PHP; weka la kwako):

ps --no-headers -o rss -C php-fpm8.3

Namba zinazotokea ni kilobaiti za kila mchakato. Chukua ile ya juu, si ya wastani, uigawe kwa 1,024 upate megabaiti. Kwa seva ya gigabaiti 2, yaani megabaiti 2,048, mimi hutenga 350 kwa mfumo na Nginx (programu inayopokea maombi ya wageni), 500 kwa MariaDB, na 250 za akiba. Zinabaki 948, na ukizigawa kwa 60 unapata 15 na ziada. Basi pm.max_children, ambayo ndiyo kile kikomo cha michakato, iwe 15, hata kama moyo unakutuma uandike 30. Mteja wa kumi na sita atasubiri kidogo kwenye foleni, na hilo ni jambo la heri kuliko wote kumi na sita kukuta mlango umefungwa.

RAM pekee haimalizi hesabu. Ukurasa ukichukua nusu sekunde ya kazi ya prosesa, prosesa moja itatoa kurasa mbili tu kwa sekunde, hata RAM ikiwa nusu tupu. Ndiyo maana, kabla ya kumshauri mtu apande daraja la seva, mimi huwasha kwanza kashe ya kurasa, yaani hifadhi ya muda, ili ukurasa uliokwisha kutengenezwa utolewe na Nginx bila kuiamsha PHP. Kurasa za kapu na malipo ziachwe nje ya kashe, la sivyo mteja mmoja anaweza kuona kapu la mwenzake.

Hatua ya 3: Chagua mahali seva ilipo

Ikiwa wateja wako wapo Dar es Salaam na Mwanza huku seva iko Ujerumani, kila ombi linapita kwenye kebo za baharini kwenda na kurudi, na safari moja kwa kawaida huzidi milisekunde 150. Muunganisho mpya wa HTTPS, yaani uliosimbwa, unahitaji safari kama tatu kabla ya herufi ya kwanza kufika, kwa hiyo karibu nusu sekunde imekwenda kabla seva haijafanya kazi yoyote ya maana. Afrika Kusini ni karibu zaidi: Amazon ilifungua vituo vyake Cape Town mwaka 2020, na Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024. Vituo vya data vya Dar es Salaam na Nairobi vipo pia, ingawa mara nyingi utalipa zaidi kwa RAM ileile.

Uzito wa jambo hili ulionekana Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Mteja wa Dar es Salaam anayefikia seva ya Dar es Salaam kupitia kituo cha ndani cha kubadilishana mawasiliano havuki bahari. Kwa duka la vitenge mimi bado ningechagua bei nafuu ya Ulaya na kashe nzuri. Kwa zahanati inayopokea miadi ya wagonjwa ningeiweka seva nchini. Zahanati hiyo ina sababu nyingine pia: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi.

Usiamini ramani ya muuzaji. Omba anwani ya majaribio, kisha uipime kwa ping, amri inayopima muda wa kwenda na kurudi, ukitumia bando la simu, maana ndilo wateja wako wanalotumia.

Hatua ya 4: Barua pepe zikae kwingine

Usiziendeshe kwenye seva ya tovuti. Watoa huduma wengi wa seva pepe huifunga poti 25, mlango wa kutumia barua pepe, na anwani ya IP (namba ya seva mtandaoni) uliyopewa huenda mpangaji aliyetangulia aliichafua kwa barua taka. Lipia huduma ya barua pepe pembeni, na uweke rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kuwa barua zimetoka kwako kweli, kwenye kikoa chako (jina la tovuti yako).

Hatua ya 5: Mfumo na ulinzi wa mwanzo

Chagua Ubuntu LTS (toleo la kutunzwa muda mrefu) au Debian, mifumo ya Linux. Toleo la Ubuntu 24.04 linapata masahihisho ya usalama hadi 2029, muda unaotosha kwa tovuti ya kawaida. Ingia kwa ufunguo wa SSH na uzime kuingia kwa nywila, washa unattended-upgrades inayosasisha seva yenyewe, fungua poti 22 ya SSH na 80 na 443 za tovuti pekee, na poti 3306 ya hifadhidata isionekane kutoka nje kamwe. Unapowasha ngome, yaani ufw inayozuia poti nyingine, fuata mpangilio huu:

ufw allow 22/tcp
ufw allow 80/tcp
ufw allow 443/tcp
ufw enable

Ukiwasha ngome kabla ya kuiruhusu poti 22, umejifungia nje na ufunguo umeuacha ndani. Cheti cha HTTPS kichukuliwe bure Let's Encrypt. Ni cha muda mfupi, hivyo hakikisha certbot, programu ya kukichukua, inakihuisha yenyewe.

Hatua ya 6: Nakala rudufu na umiliki

Tarehe 10 Machi 2021 jengo la kituo cha data cha OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliungua, na wateja waliokuwa na nakala humohumo walipoteza tovuti pamoja na nakala. Kwa hiyo nakala ya kila usiku, ya faili pamoja na hifadhidata, iende kwa kampuni nyingine na mji mwingine. Mara moja kwa mwezi irejeshe kwenye mashine tupu uone kama tovuti inafunguka. Nimewahi kukuta nakala za miezi minne zenye ukubwa wa baiti sifuri.

Kikoa kisajiliwe kwa jina na barua pepe ya mwenye biashara, kisisajiliwe kwa jina la fundi, nami nikiwemo. Andika pia tarehe ya mwisho ya kadi ya benki inayolipia seva, kwa sababu seva nyingi nilizoitiwa "zimedukuliwa" zilikuwa zimezimwa kwa deni.

Hatua ya 7: Hamia bila kupoteza oda

Siku mbili kabla ya kuhama, shusha TTL (muda ambao mtandao unakumbuka rekodi, kwa sekunde) ya rekodi A, inayoelekeza kikoa kwenye seva, hadi 300, ili mabadiliko yaenee kwa dakika badala ya saa. Chagua saa tulivu. Kwangu ni alfajiri ya Jumapili. Simamisha oda kwenye seva ya zamani kwa tangazo fupi, chukua nakala ya mwisho ya hifadhidata, irejeshe kwenye seva mpya, badilisha rekodi A, kisha ufanye oda moja ya kweli kwa simu yako mabadiliko yakishaenea. Seva ya zamani iache ikiwaka kwa wiki moja, na kila jioni usome access.log yake, faili la waliotembelea. Siku utakayokuta humo roboti (programu zinazotembelea tovuti zenyewe) tu na hakuna mteja hata mmoja, ifute na usitishe malipo yake.