Kwa mkuu mpya wa zamu gerezani: anza na makabidhiano

Afande uliyepewa zamu juzi, mambo ya kubandika mabango ya hamasa yaache kwanza. Shughulikia robo saa ya makabidhiano kati ya zamu inayotoka na inayoingia.

Nilipokuwa askari wa kawaida, mwenzangu alinikabidhi funguo begi likiwa tayari begani. "Shwari," akasema, huyoo. Hakuniambia kwamba mfungwa wa selo ya pili alipokea habari za msiba mchana. Saa nane usiku nikamkuta anapasua shuka. Tulimwahi. Ila kwa miezi kadhaa, kila nikipita pale, mkono ulikuwa unaitafuta tochi wenyewe. Baada ya tukio lile nilichopewa ni karatasi ya kuandika maelezo, basi.

Kwa hiyo: hesabu ya wafungwa ilingane, funguo zihesabiwe kwa namba, kisha anayetoka ataje nani kabadilika, nani hali chakula, nani kapata habari za nyumbani. Halafu mvute pembeni umuulize zamu imemwendeaje yeye. Ukimuuliza kwenye mstari atakujibu "niko fiti, afande", hata kama hajalala siku mbili.

Kukiwa na vurugu, askari aliyehusika mtoe kwenye lindo lile mapema. Kanuni za Nelson Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinamtaka askari aliyetumia nguvu amwarifu mkuu wa gereza mara moja. Ongozana naye, asisimame mlangoni peke yake.

Ratiba itoke mapema, na aliyekesha usimrudishe mchana kuziba pengo.

Kuhusu ari: watafiti huipima kwa nguvu, kujitoa na kuzama kazini. Mnarani saa nane usiku kuna nini cha kuzamia? Zungusha watu. Nilikuwa na kijana aliyeomba ruhusa ya ugonjwa karibu kila Jumatatu, mpaka nilipogundua anajua useremala. Nikampeleka karakana asimamie wafungwa wanaojifunza randa. Ruhusa zikapungua, akaanza kunigombeza mimi kwamba misumari haitoshi.

Mshahara na vyeo haviko mikononi mwako, usiahidi.

Na wewe mwenyewe tafuta mkuu wa zamu nyingine mkabidhiane vilevile. Mimi na wangu tulikuwa tunasimama nje ya geti dakika kumi, funguo zikiwa zimesharudi ubaoni.