iMessage na FaceTime zikigoma kuwaka: anza na salio

Wateja wengi wanaokuja hapa Kariakoo na iPhone iliyoganda kwenye "Waiting for activation" (inasubiri kuwashwa) ya iMessage au FaceTime, yaani huduma za Apple za ujumbe na simu za video, huwa na bando la kutosha la intaneti. Tatizo mara nyingi ni salio. Ili kuthibitisha namba yako, simu hutuma kimyakimya SMS moja kwenda nje ya nchi, na bando la SMS za ndani halilipii hiyo. Weka vocha ya kawaida, usiibadilishe kuwa bando, halafu zima iMessage na FaceTime, zima simu, iwashe, uziwashe tena.

Bado? Angalia saa na tarehe. Simu iliyokaa muda bila chaji huweza kurudi na tarehe ya ajabu, na hapo seva ya Apple inaikataa. Ingia setingi, sehemu ya "Date & Time", uiache ijipange yenyewe.

Wenye laini mbili, hakikisheni laini yenye salio ndiyo iliyochaguliwa kwa iMessage na FaceTime.

Apple wenyewe wanasema uthibitisho unaweza kuchukua hadi saa 24, kwa hiyo usiwashe na kuzima kila dakika. Subiri, kaka. Wakati huo unaweza kutumia barua pepe ya Apple Account yako (zamani Apple ID) badala ya namba.

Na kama FaceTime haionekani kabisa, uliza simu ilinunuliwa wapi. Zilizouzwa Falme za Kiarabu huweza kukosa FaceTime, na hilo hata fundi mwenye bisibisi ya dhahabu hakurekebishii.