Kocha aliyeondoka na kocha aliyekuja: namna ya kulinganisha rekodi zao bila kumwonea mtu

Ukikaa kibanda umiza cha Magomeni hapa Mtwara, au ukipita kijiwe cha bodaboda, hukosi kuisikia: "Tangu aje huyu, timu inacheza mpira." Wa pili anadakia kwamba yule wa mwanzo aliondolewa kwa fitina. Wote wanaongea kwa uchungu, na karibu wote wanapima kwa mechi tatu za mwisho walizoziona. Mimi natunza takwimu za timu ya mtaa wetu inayoshiriki ligi ya mkoa, na hesabu hii nimeifanya kwa kalamu mara nyingi. Leo nakuonyesha ninavyoifanya.

Mfano nitakaoutumia ni Manchester United msimu wa 2018/19. José Mourinho aliondolewa Desemba 18, 2018, na Ole Gunnar Solskjær akakabidhiwa timu siku iliyofuata. Nimeuchagua kwa sababu msimu ulikatika karibu katikati na kikosi kilibaki kilekile: Januari hakusajiliwa mtu, ila Marouane Fellaini alienda China. Ni nadra kupata makocha wawili waliopewa wachezaji walewale, msimu uleule.

Andaa kaunta buku, rula, kalamu za rangi mbili na simu yenye kikokotoo. Usianze na msimamo wa ligi. Tafuta orodha ya matokeo yote, mechi kwa mechi.

Hatua ya 1: Weka mpaka kabla ya kuhesabu

Juu ya ukurasa andika unahesabu mashindano gani, kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani. Mimi nachukua ligi peke yake. Kombe lina droo yake, na usiku mmoja wa kombe unaweza kufunika miezi mitatu ya ligi. Machi 6, 2019 United ilishinda 3-1 Paris baada ya kufungwa 2-0 nyumbani. Huku kwetu mechi ilianza saa tano usiku, na waliokuwa kibandani mpaka leo wanaisimulia kana kwamba ndiyo kazi yote ya Solskjær.

Mpaka huu ndio unaoamua nani ataonekana bora, kwa hiyo usiuchague ukiwa umeshaona majibu. Ukichukua msimu ule tu, Mourinho ana pointi 26 katika mechi 17, wastani 1.53. Solskjær ana 40 katika mechi 21, wastani 1.90. Sasa chukua muda wote wa kila mmoja katika ligi. Mourinho alipata 69 msimu wa 2016/17, 81 msimu wa 2017/18, na zile 26: jumla 176 katika mechi 93, wastani 1.89. Solskjær alipata 40, kisha 66, kisha 74, na 17 katika mechi 12 kabla ya kuondolewa Novemba 2021: jumla 197 katika mechi 109, wastani 1.81. Walewale wawili, na jibu limegeuka. Hakuna aliyedanganya hapo. Yameulizwa maswali mawili tofauti, na ni lazima useme unajibu lipi. Swali langu leo ni hili: ndani ya msimu uleule, na kikosi kilekile, nani alivuna zaidi?

Hatua ya 2: Andika mechi moja moja, kisha ufunge hesabu

Chora safu tano: tarehe, mpinzani, nyumbani au ugenini, matokeo, pointi. Kocha wa kwanza wino wa bluu, wa pili wino mwekundu. Kama katikati kulikuwa na msaidizi aliyeshika timu mechi mbili, mpe ukurasa wake. Usimbebeshe mzigo huo yeyote kati ya hao wawili.

Ukimaliza, jumlisha na ulinganishe na msimamo wa mwisho. United ilimaliza na pointi 66, imefunga mabao 65 na kufungwa 54. Kwangu: 26 na 40 ni 66. Mabao ya kufunga 29 na 36 ni 65. Ya kufungwa 29 na 25 ni 54. Hesabu imefunga. Isingefunga, nisingesogea mbele hata hatua moja, kwa sababu mechi moja iliyorukwa huharibu kila kitu kinachofuata.

Hatua ya 3: Linganisha wapinzani walewale

Hapa ndipo kazi ilipo. Ligi ya mizunguko miwili inakupa mizani ya bure: kila mpinzani anakutana nawe mara mbili. Kocha akiondolewa karibu na mwisho wa mzunguko wa kwanza, mrithi wake atacheza na timu zilezile mzunguko wa pili. Mechi 17 za Mourinho zilikuwa na wapinzani 17 tofauti. Solskjær alirudiana nao wote. Mechi zake nne zilizozidi ni Cardiff mara mbili na Huddersfield mara mbili, timu ambazo zote ziliteremka daraja msimu ule na ambazo Mourinho hakukutana nazo. Zitoe. Hapo ndipo unakuwa umepima kilo kwa kilo.

Ukurasa wangu unasomeka hivi. Mabao ya United yako mbele, Mourinho kwanza, kisha Solskjær:

Leicester 2-1, 1-0
Brighton 2-3, 2-1
Tottenham 0-3, 1-0
Burnley 2-0, 2-2
Watford 2-1, 2-1
Wolves 1-1, 1-2
West Ham 1-3, 2-1
Newcastle 3-2, 2-0
Chelsea 2-2, 1-1
Everton 2-1, 0-4
Bournemouth 2-1, 4-1
Manchester City 1-3, 0-2
Crystal Palace 0-0, 3-1
Southampton 2-2, 3-2
Arsenal 2-2, 0-2
Fulham 4-1, 3-0
Liverpool 1-3, 0-0

Jumlisha mwenyewe. Mourinho pointi 26, Solskjær 33. Dhidi ya timu sita Solskjær alivuna zaidi: Brighton, Tottenham, West Ham, Palace, Southampton na Liverpool. Dhidi ya nne alivuna pungufu ya mtangulizi wake: Burnley, Wolves, Everton na Arsenal. Saba zilizobaki ni sawasawa.

Sasa tazama mabao, maana hapa mimi mwenyewe nilishtuka. Kibandani tulikuwa tunaambizana kwamba Mourinho alikuwa akipaki basi, yaani akijaza watu nyuma kuzuia, na Solskjær ndiye aliyefungulia washambuliaji. Dhidi ya wapinzani walewale 17, Mourinho alifunga 29, Solskjær 27. Alipungukiwa na mabao mawili! Tofauti iko nyuma: Mourinho aliruhusu 29, Solskjær 20. Ile picha ya mvua ya mabao ilitoka kwenye mechi zake tatu za kwanza, Cardiff 5-1, Huddersfield 3-1 na Bournemouth 4-1. Mabao 12 kwa siku tisa, na kumbukumbu zetu zikaishia hapo.

Hatua ya 4: Hesabu nyumbani na ugenini

Kwa United hapa hakuna mengi: katika zile 17 Mourinho alicheza 8 nyumbani na 9 ugenini, na Solskjær kinyume chake. Andika kwamba wa pili alikuwa na faida ya mechi moja ya nyumbani, uendelee.

Kwetu kusini hatua hii ina uzito mwingine kabisa. Waliofuatilia Ndanda ilipokuwa Ligi Kuu, ikitumia Nangwanda Sijaona, au wanaoifuatilia Namungo ya Ruangwa, wanajua safari ni nini. Mtwara hadi Dar es Salaam pekee ni zaidi ya kilomita 550, na Mwanza au Bukoba bado ni mbali mbele. Kocha aliyepangiwa mechi tatu mfululizo za Kanda ya Ziwa na kocha aliyekuta mechi tatu nyumbani hawajafanya mtihani mmoja.

Hili nimelibeba moyoni. Timu yetu iliwahi kumwondoa mwalimu baada ya kupoteza mechi nne mfululizo, zote ugenini: Masasi, Newala, Tandahimba, Nanyumbu. Tuliondoka alfajiri kwa Hiace, tukacheza saa kumi jioni siku hiyohiyo, tukarudi usiku. Mrithi wake alianza na mechi tatu za nyumbani, akashinda zote, na kamati ikajipongeza. Baada ya muda nikakutana na mwalimu sokoni Chikongola. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza taratibu: "Mwanangu, wewe ndiye unayeandika. Hivi kweli nilikuwa mbaya kiasi kile?" Matokeo yote nilikuwa nayo nyumbani kwenye kaunta buku, na sikuwa nimewahi kukaa kuyapanga. Sikuwa na jibu. Usiku ule nikayapanga, mpinzani kwa mpinzani. Tofauti yao ilikuwa pointi moja. Kesho yake nikampelekea karatasi. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati.

Ndiyo maana nasisitiza hesabu hii ifanyike kabla ya kikao cha kamati.

Hatua ya 5: Ukate muda wa mrithi vipande viwili

Kocha mpya huja na upepo. Wachezaji waliokuwa benchi wanajituma, waliochoka na sauti ya zamani wanaamka. Upepo huo ni wa kweli na pointi zake ni halali, ila haudumu, kwa hiyo uutenge. Tafuta tukio la kukatia. Kwa Solskjær ni Machi 28, 2019, alipopewa mkataba wa kudumu. Kabla ya hapo, akiwa kocha wa muda: mechi 13 za ligi, ushindi 10, sare 2, kupoteza 1, pointi 32, mabao 29 kwa 11. Baada ya hapo: mechi 8, ushindi 2, sare 2, kupoteza 4, pointi 8, mabao 7 kwa 14. Wastani ulishuka kutoka 2.46 hadi 1.00. Ule wastani wa 1.90 wa mwanzo hauonyeshi timu yoyote iliyowahi kuonekana uwanjani. Umechanganya timu mbili.

Hatua ya 6: Itikise hesabu yako

Mechi 17 ni chache. Chukua kila ushindi wa bao moja uugeuze kuwa sare, kwa makocha wote wawili. Mourinho alikuwa na tano, anabaki na pointi 16. Solskjær alikuwa na sita katika zile 17, anabaki na 21. Pengo la pointi 7 limekuwa 5, lakini halijafutika. Lingefutika, ningeandika kwamba hakuna tofauti ya kutegemea.

Ukiweza, tazama pia nyuma ya matokeo. Ile 1-0 dhidi ya Tottenham, Januari 13, David de Gea aliokoa mara 11. Pointi tatu zimeandikwa kwa kocha, lakini jina la kipa liandike pembeni.

Hatua ya 7: Andika alichorithi

Hatua hii ni ya makocha waliopokezana kati ya msimu na msimu. Yanga ni mfano mzuri. Nasreddine Nabi aliondoka akiwa bingwa wa 2022/23 na ameifikisha timu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Miguel Gamondi alipokea timu ya bingwa, lakini Fiston Mayele, aliyefunga mabao 17 ya ligi msimu ule, alikuwa ameuzwa. Gamondi akatwaa ubingwa wa 2023/24 huku Stephane Aziz Ki akifunga 21. Ukiandika "wote mabingwa" umeacha nje nusu ya habari. Mistari miwili inatosha: nani aliondoka, nani aliingia.

Hatua ya 8: Andika jibu kwa sentensi kamili

Usiandike "huyu bora". Andika kipimo, idadi ya mechi na kilichokuwa tofauti, ili anayekupinga aone pa kushika. Chini ya ukurasa wa United nimeandika hivi: "Dhidi ya wapinzani walewale 17 wa ligi, 2018/19, Solskjær alivuna pointi 33 na Mourinho 26. Tofauti ilitokana na mabao ya kufungwa, si ya kufunga. Solskjær alikuwa na mechi moja zaidi ya nyumbani. Mechi zake 8 za mwisho zilikuwa na wastani ulio chini ya ule wa Mourinho."