Kupunguza Gayogayo Wasiokusudiwa Katika Nyavu za Kutega: Mwongozo kwa Mwenye Wavu Aliye Nairobi

Wako watu wengi Nairobi ambao hawajawahi kulala baharini lakini wana wavu baharini. Mmoja ni mwalimu, mwingine anauza vipuri, wa tatu amestaafu. Kila mmoja ana mashua au nusu ya mashua huko Ngomeni, Kipini au Shimoni, na nahodha anayempigia simu jioni kumweleza kilichopatikana. Mwongozo huu nimewaandikia hao, kwa kuwa nami ni mmoja wao, na kwa kuwa nilichelewa mno kuelewa kwamba idadi ya gayogayo wanaonaswa bila kukusudiwa huamuliwa kwa sehemu kubwa siku wavu unapofungwa kwenye kamba, kabla haujaguswa na maji. Nahodha hurithi uamuzi huo, kisha hulaumiwa kwa matokeo yake.

Gayogayo, ambaye wengine humwita wayo, ni samaki bapa anayelala ubavu mmoja juu ya mchanga au tope, macho yake yote mawili yakiwa upande wa juu. Huanguliwa akiwa amesimama wima kama samaki wengine, jicho moja kila upande, kisha anapokua jicho moja huhama na kuvuka kichwa hadi upande wa pili. Kwa mwenye wavu, mambo mawili katika maisha yake yana uzito. La kwanza ni kwamba huogelea akiwa amelala, tena karibu sana na sakafu ya bahari. La pili ni kwamba akishakomaa kwa kawaida hana kibofu cha hewa, kwa hiyo kupandishwa kutoka kilindini hakumpasui ndani kama kunavyomfanya chewa, na akirudishwa majini upesi ana nafasi nzuri ya kuishi. Nitaanza na lile la kwanza, kwa maana ndilo lenye faida kubwa zaidi.

Kabla ya kutoa fedha dukani, fanya jaribio hili nyumbani. Mimi nililifanya uani, South B, kwenye kamba ya kuanikia nguo. Chukua kipande cha wavu wa macho ya inchi 4, yaani takriban sentimita 10 jicho likivutwa hadi likafumba. Kitundike kwenye kamba kwa namna ambayo kila jicho limepewa sentimita 5 za kamba. Jicho litafunguka upana wa sentimita 5 na urefu wa karibu sentimita 8.7: ni dirisha refu na jembamba. Sasa kata boksi la kadibodi upate umbo la gayogayo mdogo mwenye upana wa sentimita 8. Ukimpitisha akiwa wima, anapenya. Ukimpitisha akiwa amelala, kama anavyoogelea, anagota nyuzi pande zote mbili, na ukiendelea kumsukuma wavu unamfuata, unajikunja juu yake na kumfunga kama kitenge. Samaki mwembamba mrefu mwenye uzito uleule angekuwa amekwisha kupita. Ndiyo sababu kuongeza ukubwa wa macho peke yake hakuokoi gayogayo wachanga kwa kiasi ambacho mtu angetarajia: hunaswa hasa kwa kuzongwa, wala si kwa kubanwa matamvua.

Kinachomzonga ni ulegevu. Ulegevu hupimwa kwa uwiano kati ya urefu wa kamba na urefu wa wavu uliovutwa: wavu wa mita 100 ukifungwa kwenye kamba ya mita 50, uwiano ni 0.5, ukifungwa kwenye mita 40, ni 0.4, na wavu huo unaning'inia kama shuka. Nilipoanza, muuzaji mmoja alinishauri nifunge kwa 0.4 akisema wavu mlegevu hauachi kitu, na kweli haukuacha. Wiki ya kwanza nahodha alinitumia picha kwenye WhatsApp: kapu limejaa gayogayo wa ukubwa wa kiganja, na juu yao kolekole wawili. Chini yake aliandika, "Mzee, wavu wako unafagia."

Kwa hiyo, ikiwa unalenga samaki wanaoogelea juu ya sakafu, kama kolekole, mkizi au nguru, agiza wavu ufungwe kwa uwiano wa 0.6. Kwa macho ya sentimita 10, maana yake ni kwamba kila jicho linapewa sentimita 6 za kamba, na iwapo fundi hufunga fundo kila baada ya macho manne, basi mafundo yake yawe umbali wa sentimita 24, si 20. Usimwachie fundi kukadiria kwa shubiri. Kata kijiti cha sentimita 24, mpelekee, na umwombe apime kila fundo kwa kijiti hicho. Jicho sasa litakuwa na upana wa sentimita 6 na urefu wa sentimita 8, na wavu utasimama umekaza kiasi kwamba gayogayo anayeugusa ana nafasi ya kurudi nyuma. Kuna faida nyingine ambayo hutaisikia kwa muuzaji: ili kupata mita 300 za wavu majini, uwiano wa 0.5 unahitaji mita 600 za wavu uliovutwa, lakini 0.6 inahitaji mita 500 tu.

Usivuke hapo kwa pupa. Wavu uliokazwa mno hupoteza pia samaki unaowataka, kwa sababu hata kolekole hunaswa vizuri zaidi pale nyuzi zinapompisha kidogo kabla ya kumbana.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na nilijifunza kwa kuwatazama wanaomtaka gayogayo badala ya wanaomkimbia. Kaskazini mashariki ya Marekani, wavuvi wanaolenga samaki bapa hufunga vigwe kutoka kamba ya juu hadi kamba ya chini, vifupi kuliko kimo cha wavu wenyewe, ili wavu uvutwe chini, ufanye tumbo na ulalie sakafu. Katika Bahari Nyeusi, ambako samaki bapa mkubwa aitwaye turbot ndiye anayetafutwa, nyavu hutegwa sakafuni, na kanuni za huko hudai macho yasiyopungua milimita 400 na samaki asiyepungua sentimita 45. Wote hao wanakubaliana juu ya jambo moja: gayogayo hupatikana kwa wavu ulio chini na uliolegea. Asiyemtaka na afanye kinyume, yaani auinue wavu.

Namna ya kuuinua ni hii. Ukingo wa chini wa wavu hufungwa kwenye kamba nyembamba yake yenyewe, si kwenye kamba ya risasi, yaani ile nzito inayozamisha wavu. Kisha, kila baada ya mita mbili hivi, kamba hiyo nyembamba huunganishwa na kamba ya risasi kwa kigwe cha nusu mita. Risasi zinakaa sakafuni, wavu unaanzia nusu mita juu, na katikati kunabaki uchochoro ambao gayogayo anapita bila kugusa uzi. Kamba nyembamba lazima iwe ya aina inayoelea, la sivyo itazama na kurudisha wavu mchangani. Polipropilini huelea, nailoni huzama, na dukani zote mbili zinaweza kuwa za rangi moja. Omba ukatiwe kipande cha kidole kimoja, kitumbukize kwenye beseni la maji na ukibonyeze chini kwa kidole. Kikirudi juu, lipa. Muuzaji akicheka, mwache acheke. Vigwe navyo viwe dhaifu kuliko kamba kuu, ili risasi zikinasa kwenye jiwe kikatike kigwe cha shilingi chache na wavu usalimike.

Maboya yaongezwe kidogo, kwa sababu wavu ulioinuliwa usiposimama ni sawa na ambao haukuinuliwa. Hapa ndipo bahari inapoingia katika hesabu. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo ni mkali na huulaza wavu hadi tumbo lake linagusa mchanga, hivyo kazi yote ya vigwe hupotea. Wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, wavu husimama. Ikibidi kutega wakati wa bamvua, nahodha autege kufuata mkondo badala ya kuukinga.

Kuhusu mahali, jambo kuu ni tope. Mto Nairobi huingia Athi, Athi huwa Galana, na Galana huingia baharini kaskazini ya Malindi kwa jina la Sabaki, ukiwa umebeba udongo wa nchi nzima ya njiani. Mwaga ndoo ya maji machafu Gikomba, na sehemu yake itaishia huko. Sakafu laini ya mlango wa Sabaki, na ile ya Ghuba ya Ungwana ambako Mto Tana humwaga maji yake, ndiyo malazi ya gayogayo, na wachanga hupenda maji mafupi karibu na milango hiyo. Nahodha asogee mbali na maji hayo iwezekanavyo. Asikimbilie matumbawe, hata hivyo: gayogayo watapungua kweli, lakini wavu utararuka na matumbawe yatavunjika, na hiyo si biashara.

Kuhusu saa sina maneno mengi. Baadhi ya gayogayo, hasa wale wembamba wenye umbo la ulimi, hutoka kutafuta chakula usiku, na wavu unaolazwa majini tangu magharibi hadi alfajiri huwakuta wote. Manahodha wengi hawataki kutega mchana, wakisema samaki huuona wavu, nao hawasemi uongo. Basi kubalianeni muda uwe mfupi: wavu ukitolewa baada ya kukaa majini kwa muda wa saa nne au tano, badala ya usiku kucha, gayogayo wengi walionaswa watakuwa hai, na kaa hawatakuwa wamewala samaki unaowategemea.

Hapo linakuja lile jambo la pili, kutokuwa na kibofu cha hewa. Gayogayo aliye hai anastahili kurudishwa kwa uangalifu. Mikono ilowe kwanza, kwa sababu mkono mkavu humbandua utelezi unaomkinga. Asishikwe kwenye matamvua wala kuvutwa kwa mkia. Asukumwe kuelekea alikoingilia, na uzi ukiwa umezama mwilini, ukatwe. Jicho moja la wavu hushonwa kwa dakika moja. Asiachwe juu ya mbao zenye jua. Akilazimika kusubiri, awekwe kwenye ndoo ya maji ya bahari kivulini, ila wa aina moja atengwe: gayogayo wa jenasi ya Pardachirus, mwenye madoa, hutoa majimaji meupe kama maziwa kutoka mashinani mwa mapezi, nayo ni sumu inayodhuru matamvua ya samaki wengine. Mtaalamu Eugenie Clark alimchunguza samaki huyo katika Bahari ya Shamu na kukuta kwamba hata papa humkwepa.

Sheria za kurudisha samaki hazifanani kila mahali. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2019 samaki wa aina zenye mgawo wa kiasi cha kuvuliwa ni lazima waletwe bandarini, isipokuwa pale ilipothibitishwa kwamba wakirudishwa wengi huishi. Hapa kwetu msingi ni Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016. Kabla ya kuagiza wavu, muulize afisa wa uvuvi na BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) ya bandari yenu kuhusu ukubwa wa macho unaoruhusiwa mahali penu, na usishawishike na wavu wa uzi mmoja unaong'aa, kwa kuwa umepigwa marufuku nchini. Wala usidhani macho makubwa sana ni njia ya mkato: yanakusanya kasa na taa, na hasara yake ni kubwa kuliko ya gayogayo.

Sasa pima kama yote haya yamefaa. Usimpe nahodha wavu mpya wote ukiwa umeinuliwa. Fanya nusu ya vipande viwe na vigwe na nusu bila vigwe, kisha viunganishwe kwa kupokezana, ili vyote viwe mahali pamoja kwa saa zilezile. Mpe nahodha daftari la mistari na umwombe aandike kwa kila kipande: gayogayo wangapi, wangapi walikuwa hai, samaki waliokusudiwa wangapi na kilo ngapi, wavu ulikaa majini saa ngapi, na kama ilikuwa bamvua au maji mafu. Mlipe kidogo kwa kuandika. Ni kazi juu ya kazi, na daftari la bure hujazwa kwa kubuni. Safari moja haisemi kitu. Subiri angalau kumi, zikiwamo za majira ya upepo wa kusi na za upepo wa kaskazi, ndipo ulinganishe.

Ukikuta vipande vyenye vigwe vimepunguza gayogayo lakini vimepoteza pia chewa na samaki wengine wa sakafuni ambao nahodha aliwategemea, usivikate vigwe. Vifupishe hadi sentimita 30 katika nusu ya vipande hivyo, uache vingine kama vilivyo, na umtumie nahodha daftari la pili kwa basi la usiku.